Kutoka Kinama hadi Kigoma kwa Pikipiki Ndogo

Hapa Kinama, mtaa wa Bujumbura, mtu anaweza kutoka Ngozi, akapita Gitega na Muyinga, akamalizia Bubanza, na bado hajatoka mtaani. Vitongoji vyetu vilipewa majina ya mikoa, na dereva wa teksi-moto huvizunguka vyote kabla jua halijawa kali. Makala haya ni ya yule anayetaka kwenda Gitega yenyewe, ile iliyo kama kilomita 100 kutoka hapa, alale huko, kisha arudi akiwa juu ya pikipiki yake. Wapo wanaorudi nayo ikiwa imelazwa kwenye lori la ndizi.

Neno langu ni moja tu: pikipiki ya safari ni ile unayoijua na inayotengenezeka popote utakapokwama. Ukubwa wa injini unakuja baadaye sana. Hiyo TVS au Boxer inayobeba abiria kutwa inaweza kukufikisha hata Kigoma, Tanzania, mradi uiandae kwa mambo matatu ambayo barabara zetu haziyasamehe: mlima, mafuta na mzigo.

Kuchagua

Mwaka 2007 Ewan McGregor na Charley Boorman waliendesha pikipiki za BMW R 1200 GS Adventure kutoka Uskoti hadi Cape Town, wakapita Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Ni pikipiki nzuri mno, lakini kila moja ina uzito unaozidi kilo 250 tanki likijaa, na wenyewe walikuwa na magari ya msaada yenye watu na vipuri. Wewe huna gari nyuma yako. Ukilala chali kwenye utelezi wa Matana na chuma cha kilo 250, utasubiri wanaume watatu wapite. Ya kilo 120 utainyanyua mwenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kupenda ndogo. Pikipiki nyingi za Kichina tunazoziona barabarani zimejengwa juu ya umbo la injini ya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Honda waliiunda kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mzigo mzito na oili huchelewa kubadilishwa, wakachagua vali zinazosukumwa na fito badala ya cheni ndefu ya ndani. Ni teknolojia ya kizamani, na hiyo ndiyo faida yake. Fundi wa kijijini ameshafungua injini kama hiyo mara nyingi kabla hajakutana na yako.

Kabla ya kununua, fanya utafiti mfupi. Pita kwenye maduka matatu ya vipuri, Kinama, Kamenge na Buyenzi, uulize bei ya waya wa klachi, tyubu, beringi za magurudumu na seti ya cheni na sproketi. Kama vyote vinne havipatikani katika maduka mawili kati ya hayo matatu, achana na pikipiki hiyo hata ikiwa inang'aa.

Ukinunua iliyotumika, hasa zile Yamaha AG100 na DT125 ambazo mashirika huziuza baada ya miradi kwisha, kagua hivi. Linganisha namba ya chasisi na ile iliyo kwenye karte roze, yaani kadi ya usajili, tarakimu kwa tarakimu. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, mtu akandamize nyuma ili gurudumu la mbele lielee, kisha shika sehemu za chini za foku uzivute na kuzisukuma: zikicheza, beringi za shingo zimekwisha. Geuza usukani polepole kulia na kushoto. Ukihisi unanasa katikati kama unaingia kwenye shimo dogo, ni beringi hizohizo. Washa injini ikiwa baridi. Muuzaji akikukaribisha injini ikiwa tayari ya moto, kuna jambo analificha. Moshi wa buluu kwenye injini ya mipigo minne maana yake inakula oili. Kwenye AG100 na DT125, ambazo ni za mipigo miwili, moshi kidogo ni kawaida, kwa hiyo sikiliza zaidi milio ya kugongana.

Wiki moja kabla ya kuondoka

Usifanye matengenezo siku ya kuamkia safari. Kipuri kipya kikiwa na kasoro, kasoro hiyo huonekana ndani ya siku mbili tatu za kazi ya kawaida. Afadhali ionekane sokoni Kinama kuliko juu milimani Bugarama. Peleka pikipiki kwa fundi wiki moja kabla, ukae naye palepale, uone kila nati inayofunguliwa. Mwambie: «Mzee, nataka kujua unachofanya, nitakuwa peke yangu njiani.» Fundi anayejiamini hatakasirika.

Oili. Injini hizi huchukua takriban lita moja tu, na lita hiyo moja hulainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Ndiyo maana oili ya gari haifai: nyingine zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyofanya klachi iteleze, nawe utaligundua hilo kwenye mlima, resi zikipanda na pikipiki haipandi. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2. Kwa vumbi letu na mizigo yetu, badilisha kila kilomita 2,000 hadi 2,500 hata kama kitabu kinakuruhusu zaidi.

Cheni. Chukua rula. Pikipiki ikiwa kwenye stendi, shika cheni ya chini katikati ya sproketi mbili, isukume juu kisha ivute chini. Tofauti iwe kati ya sentimita 2 na 3. Zungusha gurudumu kidogo upime tena, halafu tena, kwa sababu cheni huvutika bila usawa. Rekebisha ukifuata mahali ilipokaza zaidi, siyo ilipolegea. Tazama na meno ya sproketi: yakiwa yamechongoka na kuinama upande mmoja, nunua seti nzima. Cheni mpya juu ya meno mabovu huliwa upesi. Kama utabeba abiria au mzigo mlimani, muulize fundi akufungie sproketi ya mbele yenye jino moja pungufu. Utapoteza mwendo kidogo kwenye tambarare ya ziwani, lakini utapanda ukiwa gia ya tatu mahali ambapo wenzako wanahangaika na ya pili.

Matairi. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya duara refu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 3523 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2023. Tairi lililokaa dukani miaka minane juani lina kashata nzuri na mpira uliokufa. Kwenye lami yenye maji halishiki. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi. Kwa Boxer na wenzake, mbele 25 psi, nyuma 28 ukiwa peke yako, na 32 mkiwa wawili, ila maandishi ya mtengenezaji wako ndiyo yenye neno la mwisho. Gonga njiti za ringi moja moja kwa spana: zote zitoe mlio unaokaribiana. Inayotoa mlio butu imelegea.

Breki. Nyingi ni za drami. Kwenye mkono wa breki ya nyuma, pale unapoingia drami, kuna mshale mdogo na alama pembeni yake. Kanyaga breki: mshale ukifika au kuvuka alama, viatu vya breki vimekwisha, na kukaza nati hakutasaidia. Badilisha kabla ya kupanda mlima wowote, kwa sababu kila mlima unaoupanda utaushuka.

Vali. Fundi azipime kwa fila geji injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana imelala usiku mzima. Vali zilizokaza sana huungua polepole bila kupiga kelele. Watu husifu injini kwamba imetulia kumbe inakufa.

Plagi. Ifungue uiangalie rangi. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi ya masizi ina maana petroli ni nyingi kuliko hewa, na mara nyingi chanzo ni chujio la hewa lililojaa vumbi. Nyeupe ina maana injini inaungua kwa joto. Usiende safari hadi sababu ijulikane.

Mafuta: hesabu kabla ya foleni

Uhaba wa petroli umekuwa sehemu ya maisha ya Burundi kwa miaka kadhaa sasa, na hapa ndipo pikipiki ndogo inapoishinda kubwa. Fanya hesabu hii. Kwenye tambarare, injini ya 125 au 150 iliyotunzwa inaweza kwenda kilomita 45 kwa lita. Kwa safari yenye mlima na mzigo, weka 35. Kwenda na kurudi Gitega ni kama kilomita 200, yaani chini ya lita 6. Tanki la lita 11 likijaa linakupeleka, linakurudisha, na linakubakizia. Kanuni basi ni nyepesi: usiondoke Kinama bila mafuta ya kwenda na kurudi ndani ya tanki. Kituo cha njiani kihesabu kuwa hakipo.

Ikibidi ununue ya chupa, usiyamimine moja kwa moja. Yaweke kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani, iache itulie dakika kumi, kisha iinamishe dhidi ya mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hujikusanya chini na kuteleza kama ushanga. Halafu dondosha tone kwenye karatasi nyeupe na ulipeperushe. Petroli safi hukauka upesi na haiachi kitu. Likibaki doa la mafuta, umeuziwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa au dizeli. Kama tayari umeshajaza na pikipiki inakohoa, funga bomba la mafuta, tafuta skrubu ndogo chini ya bakuli la kabureta, ilegeze na kinga kinachotoka kwa kifuniko cha chupa. Mara nyingi maji yote yapo pale, na kijiko kimoja tu kinatosha kukusimamisha.

Bomba la mafuta likae kwenye sehemu ya kawaida, siyo ya akiba. Wengi huliacha kwenye akiba mwaka mzima, na siku mafuta yakiisha hawana pa kulipeleka.

Mzigo na mavazi

Mzigo mzito ukae chini na karibu na mgongo wako. Begi la zana likifungwa mwisho kabisa wa keria, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani huanza kutikisika ukifika kilomita 60 kwa saa. Vitu vizito vining'inie pande mbili kwa uzani sawa. Juu ya keria weka nguo tu. Mpira wa tairi kuukuu unafunga vizuri kuliko kamba, kwa sababu hulegea na kukaza pamoja na mzigo, ila ncha zake zifungwe ndani. Ncha inayoning'inia ikidakwa na cheni, gurudumu la nyuma linafunga papo hapo.

Vifaa vya lazima vinaingia kwenye mfuko mmoja: tyubu moja, vyuma viwili vya kutolea tairi, viraka na gundi, pampu ya mkono, spana namba 8, 10, 12, 14 na 17, spana ya plagi, plagi mpya, kiungo cha cheni, balbu ya taa kubwa, waya mwembamba, utepe na koleo. Ongeza waya wa klachi, lakini usiuweke mfukoni. Upitishe sambamba na ule unaotumika, kutoka kwenye usukani hadi kwenye injini, ukiwa umepakwa oili na ncha zimefunikwa kwa utepe. Wa zamani ukikatika kwenye kona za RN1, barabara ya kupandia Bugarama, unahamisha ncha mbili tu, huna haja ya kufungua tanki gizani.

Kofia ngumu iwe na alama ya herufi E ndani ya duara na ikubane mashavu bila kukuumiza paji. Iliyoanguka na kugonga lami kwa nguvu haitumiki tena, hata kama haina ufa unaoonekana. Vaa koti. Mtu anayetoka Kinama anatokwa jasho na haamini, lakini Bujumbura iko kwenye mita kama 775 na Bugarama inavuka mita 2,200. Kule juu kuna ukungu na baridi, na vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kukamata breki.

Kupanda na kushuka Bugarama

RN1 ndiyo mtihani wenyewe. Katika kilomita kama 35 unapanda zaidi ya mita 1,400. Hewa inapungua, na injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Usishangae pikipiki ikiwa nzito. Haijaharibika, na usimruhusu mtu aguse skrubu za kabureta kule juu, kwani ukirudi ziwani haitakuwa sawa. Shusha gia mapema, kabla injini haijaanza kugonga. Kila baada ya kilomita kumi na tano hivi, simama mahali palipo wazi, upumzike dakika tano, uguse beringi za magurudumu kwa kiganja. Ya vuguvugu ni sawa. Ya kukufanya uondoe mkono ina tatizo.

Hatari kubwa ya RN1 haiko kwenye injini yako. Ni vijana wa baiskeli. Wanaopanda hushikilia nyuma ya malori. Wanaoshuka wamebeba ndizi, hawana breki za maana, nao huja kasi kuliko wewe. Nyuma ya lori linalopanda, hesabu kila mara kwamba kuna baiskeli mbili tatu usizoziona, na kwamba mmoja anaweza kuachia mkono wakati wowote. Usilipite lori hadi uone pande zote mbili za mkia wake. Kwenye kona, baki karibu na ukingo wako wa kulia, piga honi, na usiukate mstari wa katikati hata kona ikiwa inakuvutia. Anayeteremka na mikungu ya ndizi hawezi kukupisha hata akitaka.

Kushuka ndiko kunakoua. Kanuni ya zamani ya madereva wa malori inafaa hata kwako: shuka na gia uliyopandia. Iachie injini ishike, tumia breki kwa vipindi, kamata kwa nguvu sekunde chache kisha achia ipoe. Ukizikanyaga kidogo kidogo kilomita tano mfululizo, drami hupata moto, viatu hupoteza mshiko, na pedeli huenda chini bila kitu. Dalili ni harufu ya kuungua na breki inayohitaji kukanyagwa zaidi kila kona. Simama. Usimwage maji juu ya drami yenye moto, hupasuka. Iache ipoe yenyewe.

Wapo wanaozima injini na kuteleza hadi mjini ili kuokoa petroli. Wanaokoa kikombe kimoja na kupoteza breki yao kubwa kuliko zote, yaani injini. Kama una AG100 au DT125, kumbuka jambo moja zaidi: oili ya injini hizo huingia kwa kufuata resi na mkono wa mafuta, kwa hiyo ukishuka muda mrefu mkono ukiwa umefungwa, injini inazunguka kasi bila kulainishwa vya kutosha. Kila baada ya muda mfupi bana klachi, piga resi kidogo, kisha achia.

Mvua

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mafuriko yalibomoa nyumba na kuua watu wengi Kinama, Kamenge na Buterere. Tangu hapo hakuna mtu wa upande huu anayehitaji kufundishwa nguvu ya maji. Kwa pikipiki, jenga jukwaa la matofali uani, la kimo cha goti, uiegeshe juu yake kuanzia Septemba hadi Mei. Ikizama, usipige kiki plagi ikiwa ndani. Toa plagi, funga bomba la mafuta, piga kiki taratibu plagi ikiwa nje hadi maji yaishe kutoka kwenye silinda, mwaga oili, safisha chujio la hewa na kabureta, tia oili mpya, ndipo uwashe. Baada ya nusu saa itazame oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, bado kuna maji, mwaga tena.

Njiani, mto ukikatiza barabara, ngoja. Tazama wengine wakivuka, na kama maji yanazidi nusu ya gurudumu au huoni chini, zima injini na ukae upande uliko. Mvua za milimani hupita na mito yake hushuka kwa saa chache.

Karatasi na mpaka

Beba karte roze, leseni ya daraja la pikipiki, bima na kitambulisho, halisi, ndani ya mfuko wa plastiki kifuani, na nakala kwenye simu. Kabla ya kupanga njia ya kutokea, kumbuka kwamba Machi 2022 teksi-moto, bajaji na baiskeli ziliondolewa katikati ya Bujumbura. Anayekwenda kusini kutoka Kinama aulize polisi ni barabara ipi inaruhusiwa kwa chombo chake, azunguke mapema.

Kwa Tanzania, mwombe wakala wako wa bima kadi ya manjano ya COMESA. Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini inashiriki katika mpango huo wa bima, kwa hiyo kadi hiyo inatambuliwa. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Forodhani omba kibali cha kuingiza chombo kwa muda, na ukirudi hakikisha kimefungwa. Mpaka wa nchi kavu na Rwanda ulifungwa na Burundi Januari 2024, na hali ya upande wa Uvira, Kongo, hubadilika. Uliza siku hiyohiyo, siyo wiki iliyopita.

Ukishavuka Mugina kuingia Manyovu, mambo mawili yanageuka. Saa inasogea mbele kwa saa moja, hivyo panga kufika mpakani mapema. Na unahamia kushoto mwa barabara. Mtu hakosei anapovuka, maana akili iko macho. Hukosea kesho yake asubuhi, anapotoka kwenye nyumba ya wageni barabara ikiwa tupu. Bandika kipande cha utepe mwekundu kwenye kioo chako cha kushoto kabla ya kulala.

Jipime kwa hatua

Usianze na Kigoma. Anza na Mugere, kama kilomita 10 kusini mwa jiji, kwenye jiwe la Livingstone na Stanley lenye tarehe ya Novemba 1871; njia ni tambarare, na lengo ni kuona kama mzigo wako unatulia. Safari ya pili iwe Bubanza, takriban kilomita 40 kutoka upande wetu, ukiwa na abiria. Ya tatu Rumonge, kama kilomita 75 kando ya ziwa, kwenda na kurudi siku moja, ili ujue mgongo wako unadumu saa ngapi. Ya nne Bugarama, kupanda na kushuka tu, asubuhi, siku isiyo na mvua. Ya tano Gitega, ulale, na kesho yake ufike Gishora, kilomita chache kutoka mjini, kwenye ngoma za kifalme ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014. Ya sita ndiyo Kigoma, kupitia Nyanza-Lac, Mabanda na Mugina, zaidi ya kilomita 200, kwa siku mbili kama hujazoea.

Ondoka saa kumi na mbili alfajiri, ufike kabla ya saa kumi alasiri. Saa mbili za ziada ni za pancha. Kwetu giza huingia ghafla, na usiku barabarani kuna ng'ombe, malori yasiyo na taa na vizuizi ambavyo askari wake wana wasiwasi kuliko wewe.

Kila ukirudi, kabla ya kuoga, osha cheni kwa mafuta ya taa na brashi, ikaushe, ipake oili, kaza nati za keria na za bomba la moshi, kisha fungua daftari. Andika tarehe, kilomita, lita ulizotumia, kilichobadilishwa na bei yake. Baada ya safari ya tatu daftari hilo litakuambia pikipiki yako inakula lita ngapi mlimani, viatu vya breki vinadumu kilomita ngapi, na ni duka lipi liliuza tyubu iliyooza. Litakuongezea bei siku ya kuuza pia, maana mnunuzi wa Kinama huamini maandishi ya miaka miwili kuliko rangi mpya.